Weruweru: Mto, Korongo na Watu wa Mfongo

Watanzania wengi wanalijua jina la Weruweru kwa sababu ya shule ya sekondari ya wasichana iliyoko Moshi. Jina hilo kwanza ni la mto. Unatoka upande wa kusini-magharibi wa kilele cha Kibo katika mlima Kilimanjaro, unapita msituni, unakata nchi ya migomba na kutenganisha Machame na Kibosho, kisha unateremka tambarare kujiunga na maji ya Kikafu na Kikuletwa. Kutoka huko maji yote yanaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, yanaitwa Pangani, na kumwagika Bahari ya Hindi penye mji wenye jina hilohilo. Tone la mvua lililoangukia juu ya Machame linaweza kumaliza safari yake mbele ya nyumba za Waswahili wa Pangani.

Abiria wa basi la Moshi kwenda Arusha huvuka Karanga, halafu Weruweru, halafu Kikafu, bila kusimama. Barabara inainama, dereva anapunguza mwendo, daraja linapita, gari linaanza kupanda tena. Hapo chini mlima umeshalainika. Ukitaka kuujua mto wenyewe panda mpaka ukanda wa vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya migomba, mita 1,200 au 1,500 kutoka usawa wa bahari. Huko Weruweru umezama katika korongo ambalo mtu aliyesimama ukingoni anausikia mto kabla ya kuuona. Kuta zake zimeota miti na magugu, na udongo wake ni wa volkano, mwekundu na laini, unaomong'onyoka kila masika. Watu wa kingo mbili wanaweza kuona moshi wa majiko ya wenzao asubuhi, lakini kwenda kusalimiana ilikuwa kazi ya kuteremka, kuvuka maji kwa magogo au mawe, na kupanda tena kwa kushika mizizi.

Makorongo ya namna hiyo yamejipanga upande wote wa kusini wa Kilimanjaro, yakishuka kutoka juu moja baada ya jingine. Katikati yake imebaki migongo mirefu ya ardhi nzuri. Juu ya kila mgongo, au migongo miwili mitatu iliyokaribiana, palikaa watu wenye mangi wao, yaani mtawala, na namna yao ya kusema. Siha, Machame, Kibosho, Uru, Moshi, Kirua, Kilema, Marangu, Mamba, Mwika, hadi Rombo: majina haya yote yalikuwa majina ya nchi. Kati ya Machame na Kibosho kulikuwa pia na nchi ndogo, kama Narumu na Kindi, zilizobanwa na majirani wakubwa na kulazimika kuchagua upande kila vita ilipozuka.

Historia ya nchi hizo imeandikwa zaidi kwa majina ya wamangi. Nathaniel Mtui wa Marangu alikusanya habari zao mapema katika karne ya 20, na Kathleen Stahl alizitumia katika kitabu chake cha mwaka 1964. Kazi yao ni ya thamani. Lakini mimi naamini kwamba anayetaka kuelewa Uchagga aanze na maji, awafuate wamangi baadaye. Wamangi walipanda na kuanguka. Mfongo ulibaki pale pale, ukipita nyuma ya nyumba ileile, kwa wajukuu wa watu walewale.

Mfongo ni mfereji. Wageni walioufikia mlima katika karne ya 19 walistaajabu kuukuta. Charles New alipopanda mwaka 1871, na Harry Johnston alipokaa mlimani mwaka 1884, waliona mifereji ikizunguka miteremko na kuleta maji mahali ambapo jicho lilisema hayawezi kufika. Wakati huo mifongo ilikuwa ya zamani tayari. Ilihesabika kwa mamia katika mlima mzima, na wenyeji walitaja vizazi vya wazee waliowatangulia katika kuichimba.

Tatizo la Mchagga lilikuwa hili: maji yako chini, shamba liko juu. Mto uko karibu kabisa, unausikia usiku ukiwa kitandani, lakini uko chini ya ukuta wa korongo, na hakuna nguvu ya mtu inayoweza kuyapandisha maji hayo kumwagilia mgomba. Dawa ni kwenda kuyachukua juu kuliko shamba, mbali msituni, mahali ambapo mto bado haujazama, kisha kuyaongoza kwa mteremko mdogo sana kuliko mteremko wa mto. Mto unashuka haraka, mfongo unashuka polepole. Baada ya kilomita kadhaa mto uko chini kabisa ya korongo na mfongo uko mgongoni, juu ya vihamba, ukisubiri kugawanywa.

Kusema hivyo ni rahisi. Kutenda hivyo kwa jembe dogo la chuma kilichotoka kwa wahunzi wa Upare, au kwa mti uliochongwa ncha, ni jambo jingine. Kwenye banio, yaani pale maji yanapotolewa mtoni, walipanga mawe makubwa kuvuka sehemu ya mto na kuziba nyufa kwa majani, vigogo vya migomba na matope. Hawakuuziba mto wote. Banio lilijengwa kwa namna ambayo mafuriko ya Aprili yangelibomoa bila kuharibu mfereji, na likajengwa upya mvua zilipopungua. Kutoka hapo mfereji ulichongwa katika ubavu wa korongo, sehemu nyingine juu ya jabali ambapo mchimbaji akiteleza haokotwi mzima. Penye bonde dogo walilaza gogo lililochongwa tumbo, maji yakapita juu yake. Mteremko ulipimwa kwa jicho na kwa maji yenyewe: walichimba huku wakiyaruhusu yawafuate, na pale yaliposimama walijua wamekosea, wakarudi nyuma. Hakuna aliyewachorea ramani.

Aliyeanzisha mfongo, yeye na ukoo wake, ndiye aliyekuwa mwenyewe. Mara nyingi mfereji ulichukua jina lake. Waliomsaidia kuchimba walipata haki ya maji, wao na watoto wao, na aliyehamia baadaye aliomba kwa adabu na pombe. Mkuu wa mfongo alitoka katika ukoo wa mwanzilishi. Yeye ndiye aliyeita watu kwenda kusafisha baada ya masika, aliyepanga zamu, aliyekwenda banioni na mbuzi wa tambiko na kibuyu cha pombe ya mbege kuwaomba wahenga maji yasikatike. Bruno Gutmann, mmisionari Mjerumani aliyefika Uchagga mwaka 1902 na kuondoka kwa mara ya mwisho mwaka 1938, aliandika sheria na mila za Wachagga kwa kirefu, na mfongo una nafasi kubwa humo. Petro Itosi Marealle naye aliandika kwa Kiswahili juu ya maisha ya Mchagga duniani na ahera, katika kitabu kilichotoka mwaka 1947.

Hebu tuutazame mfongo ukifanya kazi katika kihamba kimoja, siku ya zamu. Asubuhi mapema mwenye zamu anapanda na jembe mpaka penye mgawanyo wa mfereji wa mtaa. Hapo mlango wa mwenzake umefungwa kwa kipande cha kigogo cha mgomba na udongo wa nyasi. Anauhakikisha, kisha anaufungua wa kwake kwa kuondoa tope kwa mkono. Maji yanasita kidogo, yanajikusanya, yanageuka. Anatangulia mbele yake akiondoa majani yaliyoanguka tangu juzi, maana jani moja likikwama penye kona maji yanaruka ukingo na kwenda kwa jirani asiye na haki nayo leo. Shambani kuna vijifereji vyembamba kati ya migomba, na chini ya migomba kuna mibuni, chini ya mibuni magimbi na maharage. Anafungua kimoja, anahesabu kwa jua, anakifunga, anafungua kingine. Ikifika saa ya mwenziwe, hata kama pembe ya chini haijalowana, lazima afunge. Usiku mfongo haulali: maji ya usiku huachwa yajaze nduwa, yaani bwawa dogo la kuhifadhia, ili kesho yatoke kwa nguvu.

Aliyeiba maji ya mwenzake alitozwa mbege. Aliyekosa kuja kwenye usafi wa mfereji alitozwa pia, na akirudia alifungiwa maji. Adhabu hiyo ilitosha. Katika nchi ambayo ulezi wa mbege ulipandwa kiangazi na kutegemea mfongo peke yake, mtu aliyefungiwa maji alikuwa amefungiwa pombe, na bila mbege hakuna mahari, hakuna msiba, hakuna mapatano. Aliyetaka kusamehewa alikuja na jani la isale, mmea uleule unaopandwa mipakani mwa vihamba, na ilikuwa vigumu sana kwa mzee kumkatalia mwenye kulishika.

Kuna upande wa mila hii ambao sina sababu ya kuusifu. Wanawake walizuiwa kushiriki kazi ya mfongo, na katika sehemu nyingi hawakutakiwa hata kulisogelea banio. Wao ndio waliochota maji ya nyumbani kutoka mfereji huohuo kila siku ya maisha yao, wao ndio waliolisha ng'ombe wa zizini, lakini katika mkutano wa kugawa zamu hawakuwa na sauti. Mjane alitegemea shemeji au mtoto wa kiume akamsemee. Hilo lilikuwa dhuluma wakati ule, na pale linapoendelea bado ni dhuluma.

Mwezi Mei mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akiongozwa na Bwana Kheri wa pwani, aliiona theluji ya Kibo. Wasomi wa Ulaya walibishana naye kwa miaka kadhaa kwamba theluji haiwezi kuwapo karibu na ikweta. Wafanyabiashara wa pwani waliokuwa wakienda Uchagga kutafuta pembe walikuwa wakiuona mlima ule siku zote na hawakuhitaji idhini ya mtu. Mwishoni mwa mwaka huo Rebmann alianza safari ya pili, akavuka makorongo moja baada ya jingine kuelekea magharibi, na kufika Machame kwa Mangi Mamkinga. Alipokewa vizuri. Alirudi Aprili 1849 akitumaini kupita hadi Unyamwezi. Safari hiyo Mamkinga akamnyang'anya karibu mali yote, ikabidi arudi pwani mikono mitupu.

Machame ya Mamkinga, na ya Rengua kabla yake, ilikuwa nchi yenye nguvu kuliko zote magharibi mwa mlima. Korongo la Weruweru lilikuwa ngome yake ya mashariki. Lakini nusu ya pili ya karne ile nguvu zilivuka mto. Kibosho ilipata mangi aitwaye Sina, mtu wa vita, aliyejenga boma la mawe na mahandaki na kuwatisha majirani wa pande zote mbili, Machame ikiwamo. Mpinzani wake mkubwa alikuwa Rindi wa Moshi, ambaye wageni walimwita Mandara. Sina alitegemea silaha, Rindi alitegemea werevu wa kuwapokea wageni. Mwaka 1885 Rindi alikubali mkataba na Wajerumani, na miaka minne baadaye akatuma wajumbe hadi Berlin.

Sina hakutaka kuwa chini yao. Februari 1891 Hermann von Wissmann, kamanda wa Wajerumani, alipanda Kibosho na askari wake, akisaidiwa na wapiganaji wa Rindi, na boma likaanguka baada ya mapigano makali. Waliobeba hasara kubwa ni watu wa kawaida wa Kibosho, walioona migomba ikifyekwa na mifugo ikichukuliwa. Sina aliachwa atawale chini ya bendera ya Wajerumani mpaka alipofariki mwaka 1897. Rindi alifariki mwishoni mwa 1891 na mwanawe Meli akawapiga Wajerumani mwaka uliofuata, kabla ya kushindwa mwaka 1893. Tarehe 2 Machi 1900, huko Moshi ya zamani, Wajerumani waliwanyonga watu 19 wakiwatuhumu kupanga maasi. Miongoni mwao walikuwamo Mangi Meli na Molelia wa Kibosho, mwana wa Sina. Inaaminika kwamba kichwa cha Meli kilipelekwa Ujerumani, na familia yake imekuwa ikikidai hadi leo. Machame nayo ilibadilishiwa mangi: Ngamini aliondolewa, Shangali akawekwa.

Nimepita haraka kwenye vita hivi kwa makusudi, maana vimesimuliwa sana. Kinachonigusa zaidi ni kwamba katikati ya mambo hayo mabanio yaliendelea kujengwa. Mvua za masika hazikusubiri mapatano ya Berlin. Kila mwaka banio lilibomoka, na kila mwaka mtu fulani, ambaye jina lake halimo katika kitabu chochote, alipiga ukelele alfajiri na wenzake wakapanda msituni na majembe.

Mwaka 1893 ulileta mpaka mwingine juu ya mpaka wa korongo. Walutheri wa misheni ya Leipzig walianza kazi Machame, penye kilima cha Nkwarungo. Mwaka huohuo mapadre wa Roho Mtakatifu, ambao walikuwa wamekwisha kukaa Kilema, walianza Kibosho. Tangu hapo ukingo wa magharibi wa Weruweru kwa kiasi kikubwa umekuwa nchi ya Walutheri na ukingo wa mashariki nchi ya Wakatoliki, na hata leo mtu akikwambia anatoka Kibosho unaweza kukisia jina lake la ubatizo ni la mtakatifu gani. Kila upande ulijenga shule na hospitali yake, na ushindani huo, nadhani, ni sababu mojawapo ya Kilimanjaro kuwa na shule nyingi mapema kuliko mikoa mingi.

Mapadre wa Kilema ndio waliopanda kahawa ya kwanza mlimani, katika miaka ya 1890. Ilichukua muda Wachagga kuipanda kwa wingi. Waingereza walipochukua nchi baada ya vita kuu ya kwanza, afisa wao Charles Dundas aliwahimiza wenyeji walime wenyewe, jambo lililowaudhi sana walowezi waliokuwa na mashamba makubwa chini ya vihamba. Mwaka 1925 wakulima wakaanzisha chama chao, Joseph Merinyo akiwa kiongozi, na mwaka 1933 kikazaliwa Chama Kikuu cha Ushirika, KNCU. Mwaka 1934 kituo cha utafiti wa kahawa kilifunguliwa Lyamungo, upande wa Hai, na mpaka leo aina za mibuni zinazopandwa nchini hufanyiwa utafiti hapo.

Inasemwa mara nyingi kwamba kahawa ndiyo iliyoijenga Kilimanjaro. Ni kweli kwa nusu. Mbuni mchanga unaotiwa ardhini unahitaji maji kiangazi, na maji hayo yalikuwa mlangoni tayari, yakiongozwa na watu waliojua kugawana zamu, kutoza faini na kusimamia mali ya wote bila polisi. Ushirika ulipokuja na daftari na mihuri, ulikuta watu waliozoea ushirika. Sioni namna nyingine ya kueleza kwa nini chama cha wakulima weusi kilisimama imara mapema vile, katika koloni lililokuwa linawaona kuwa watoto.

Serikali ya kikoloni, hata hivyo, haikuuona mfongo kuwa elimu. Iliuona kuwa uharibifu. Maafisa waliandika kwamba Wachagga wanapoteza maji, wanamomonyoa udongo, wanawanyima wenye mashamba ya mkonge na miwa walioko tambarare. Huko chini, Arusha Chini, kampuni ya miwa ya TPC ilianza miaka ya 1930, na miwa inakunywa maji kwa kiasi ambacho kihamba hakijawahi kukifikiria. Sheria ya maji ya 1923 iliweka msingi kwamba maji yako mikononi mwa serikali. Msitu nao, uliofanywa hifadhi tangu enzi za Wajerumani, ulitiwa mipaka upya mwaka 1921. Mabanio mengi yalijikuta ndani ya hifadhi, na watu waliokuwa wakienda kwenye mali ya babu zao wakawa watu wanaoingia msitu wa serikali.

Baada ya Uhuru umangi ulifutwa mwaka 1963. Hata kabla ya hapo Wachagga wenyewe walikuwa wamekwisha kumkataa Mangi Mkuu, Thomas Marealle, waliyemchagua mwaka 1951. Mkuu wa mfongo hakufutwa na mtu, kwa sababu hakuwahi kuandikwa popote. Alibaki pale pale, bila mshahara wala muhuri, huku mwenyekiti wa kijiji akija, balozi wa nyumba kumi akija, na maafisa wa idara wakija kwa gari na kuondoka.

Sheria mpya ya maji ya mwaka 1974 ilisema tena kwamba maji ni mali ya umma na anayeyatumia aombe haki ya maji. Mwaka 1991 ikaundwa ofisi ya Bonde la Pangani kusimamia mto wote, kutoka theluji mpaka baharini. Sababu yake inaeleweka. Nyumba ya Mungu ilikuwa imejengwa katikati ya miaka ya 1960, mitambo ya umeme ya Hale ilikuwa inahitaji maji, na mwaka 1995 ulifunguliwa mtambo mpya wa Pangani wenye uwezo wa megawati 68. Umeme ulipokatika Dar es Salaam wakati wa ukame, ilikuwa rahisi kunyoosha kidole kwa mkulima wa Machame aliyefungua mlango wa mfongo. Wakulima nao walishangaa kuambiwa walipie maji ambayo babu yao aliyatoa msituni kwa mikono. Wengi hawakulipa. Sheria ya mwaka 2009 ilileta vibali na jumuiya za watumia maji, nayo ina jambo jema moja: inawalazimu watu wa juu na watu wa chini kukaa chumba kimoja. Ubaya ni kwamba kikundi kinachotambuliwa ni kile chenye katiba, akaunti ya benki na katibu anayejua kujaza fomu. Mfongo wenye umri mkubwa kuliko serikali yenyewe unaweza kukosa kibali kwa kukosa katibu.

Wakati huohuo mto umepungua. Ni kosa kufikiri kwamba sababu ni theluji peke yake. Barafu ya Kibo imepungua sana, kutoka kiasi cha kilomita za mraba 12 mwaka 1912 hadi chini ya 2 mwaka 2011, na hilo ni jambo la kusikitisha kwa kila Mtanzania. Lakini mito ya kusini mwa mlima hainywi barafu kwa wingi. Inakunywa mvua na ukungu wa msituni. Mvua kubwa kuliko zote mlimani hunyesha kwenye kiasi cha mita 2,200, ndani ya msitu, na juu zaidi miti iliyojaa kuvumwani na ndevu za mzee hukamua maji kutoka mawinguni hata siku isiyo ya mvua. Moto unapoteketeza msitu wa juu, mto hupoteza mshipa usioonekana. Oktoba 2020 mlima uliungua kwa siku nyingi. Oktoba 2022 moto mwingine ulianza karibu na kambi ya Karanga, bonde ambalo wapanda mlima wa njia ya Machame hulijua kama mahali pa mwisho pa kuchota maji kabla ya kilele.

Chini kwenye vihamba mambo nayo yamegeuka. Bei ya kahawa ilianguka baada ya mapatano ya kimataifa ya mgao kuvunjika mwaka 1989. Wengi wakang'oa mibuni, wakapanda nyanya na mboga ambazo zinataka maji karibu kila siku na dawa nyingi, kwa hiyo maji yanayorudi mtoni si yale yaliyotoka. Kihamba kimegawanywa kwa wana mpaka hakigawanyiki tena, na vijana wameenda Arusha, Dar es Salaam na nje ya nchi. Wanarudi Desemba, wanajenga nyumba nzuri, wanamwaga zege juu ya njia ya mfereji bila kujua ni njia ya nini. Miaka ya 1990 miradi ya maji ya bomba iliyofadhiliwa na Ujerumani ilifika vijiji vingi vya Hai. Hilo lilikuwa jema lisilo na shaka: mama hakuhitaji tena kuchota kwenye mfereji ambao ng'ombe wa jirani amekanyaga juu yake. Lakini mfongo ukabaki wa shamba tu, na siku ya usafi wanaokuja ni wazee.

Mwaka 2005 hifadhi ya taifa ilipanuliwa ikachukua msitu wote wa asili. Tangu hapo kwenda kutengeneza banio ni suala la kuomba ruhusa. Siwalaumu walinzi wa msitu. Bila ulinzi wao miti ingekuwa imekwisha. Lakini nawaomba watofautishe mtu anayeingia na shoka na mtu anayeingia na jembe. Huyu wa pili amekuwa mlinzi wa chanzo cha mto kwa karne kadhaa, kwa sababu rahisi kwamba msitu ukifa shamba lake litakufa wiki ya pili.

Mkoa wa Kilimanjaro una watu zaidi ya milioni 1.8 kwa sensa ya 2022, na wengi wao wanategemea mito ya mlima huu. Bado kuna mifongo inayotiririka kingo zote mbili za Weruweru, na bado kuna wazee wanaoweza kukutajia nani alichimba upi, ukoo gani ulikaribishwa lini, na kona ipi ilibomoka masika gani. Shule za Machame na Kibosho ziko karibu nao kwa miguu. Walimu wa historia, mpeni kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza daftari moja na kazi moja: aende kwa mkuu wa mfongo wa mtaa wake, aandike jina la mfereji, jina la aliyeuanzisha, mahali banio lilipo na zamu zake zinavyokwenda. Wasichana waende pia, tena watangulie. Orodha hiyo ipelekwe kijijini, nakala ipelekwe ofisi ya Bonde la Pangani, ili siku ya kugawa vibali mfongo uwe na jina. Kazi hiyo inaweza kumalizika kwa muhula mmoja, na inafaa ianze kabla ya masika yajayo.